Mbuzi ya Rehema

REHEMA: Zube, kabla ya salamu: mbuzi yangu iko wapi?

ZUBERI: Asalaam aleikum wasikilizaji. Huyu ananidai mbuzi tangu Ramadhani.

REHEMA: Kwa sababu tangu Ramadhani unayo! Jumamosi napika modak, vile vitamutamu vya Kihindi vya kupikwa kwa mvuke, nazi mbili zimeshavunjwa zinanitazama, mbuzi hakuna. Nikaandika kwenye grupu la mtaa: "Jamani naomba mbuzi, nina shughuli leo."

ZUBERI: Ehe?

REHEMA: Mmoja kauliza jike au beberu. Mwingine anaye, ila bei tuongee pembeni.

ZUBERI: (anacheka) Ungeandika "mbuzi ya kuazima." Hiyo "ya" tu ingekuokoa.

REHEMA: Ungerudisha wewe, ndiyo ingeniokoa.

ZUBERI: Haya, waeleze watu modak.

REHEMA: Mnajua nilisoma Pune, India, nishawachosha nayo. Ikifika Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Wahindu ya mungu wao Ganesha, mama mwenye nyumba, Mmarathi, anatengeneza 21 za kumtolea. Unga wa mchele unamwagwa kwenye maji yanayochemka, kikombe kwa kikombe, na samli kijiko, chumvi chembe. Unafunika kidogo, kisha unaukanda ungali unaunguza. Ndani nazi ya kukuna, sukari guru, iliki.

ZUBERI: Kashata hiyo.

REHEMA: Ukiisahau jikoni inakuwa kashata kweli. Unaipua ingali na unyevu. Sasa mikunjo: kidole gumba ndani, viwili nje, unabana, unazungusha, unabana, mpaka inasimama kama kitunguu saumu. Yule mama mikunjo yake huwezi kuihesabu. Mimi nilifika mitano. Na kati ya 21, saba zilipasuka kwenye mvuke, maana unga ulishapoa, umekauka.

ZUBERI: Ulipoa ukisubiri mbuzi jike au beberu?

REHEMA: Ukisubiri ile iliyoko kwako!

ZUBERI: Mimi nina kesi nyingine. Nimefika pale, nikachota nazi kijiko kimoja nionje. Kanipiga mkono! Mtu mzima mimi.

REHEMA: Haionjwi kabla haijatolewa. Yule mama hata kidole halambi.

ZUBERI: Anayetoa ni yeye. Wewe Muislamu, uko Ilala, unapika kitu cha kunywea chai. Na sukari guru hazifanani, nyingine ina chumvichumvi. Bila kuonja utajuaje?

REHEMA: Kwa harufu. Kwa rangi.

ZUBERI: Yeye anajizuia kwa ibada. Wewe ibada huna, umebaki na kujizuia. Ni kama mtu anakula daku halafu hafungi.

REHEMA: Sivyo. Nilifundishwa kitu kizima jikoni kwa mtu. Siwezi kubeba utamu wake nikaiacha adabu yake mlangoni.

ZUBERI: Hiyo si adabu, ni ibada ya watu. Kuiiga ndiyo kukosa adabu.

REHEMA: Kukaa bila kulamba kidole ndiyo kuwakosea watu?

ZUBERI: Ndiyo.

REHEMA: Sikubali.

ZUBERI: Usikubali. Na sukari ilipungua.

REHEMA: Ulikula nne!

ZUBERI: Nilikuwa nahakikisha.

REHEMA: Mimi naendelea hivyohivyo, hata mwakani. Kijiko chako ubaki nacho mfukoni.

ZUBERI: Nitakuja na kirefu.

REHEMA: Jamani, nimeandika hapa mambo matano ya kuwafundisha watu, hata moja...

ZUBERI: Fundi anatuonyesha kidole kimoja. Dakika.

REHEMA: Basi jani la mgomba. Kule Konkan, pwani ya India, wanatandika jani la mmea wa manjano, sisi tunaweza kutandika la mgomba chini, zisigande. Unalipitisha kwanza juu ya moto...

ZUBERI: Dada, sekunde hizo.

REHEMA: Mbuzi yangu lini?

ZUBERI: Iko kwa mama mkwe.

REHEMA: Mama mkwe wako si yuko Tanga?

(Muziki)