Simu, Dozi na Shajara ya Kifafa

Wazazi, walezi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, karibuni. Programu za simu kwa wenye kifafa zipo kadhaa: Epsy, Seizure Tracker, Helpilepsy. Leo sina niliyokuja kuipigia debe. Kazi zao kubwa ni mbili, kukumbusha dozi na kutunza shajara, yaani kumbukumbu za matukio ya kifafa, na zote hukwama mahali palepale.

Tuanze na saa. Mgonjwa ameambiwa ameze dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Anafungua simu, anaandika 2:00. Nafasi kati ya dozi na dozi inabaki saa kumi na mbili, lakini kengele inalia saa nane usiku na saa nane mchana. Usingizi unakatika, na kukosa usingizi kwenyewe huchochea kifafa. Siku ya tatu mtu anaizima kengele kabisa. Basi kwanza iwekeni simu kwenye mfumo wa saa 24, kisha muandike 08:00 na 20:00.

Kikwazo cha pili ni chaji. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu zilizo nyuma ya skrini ili kuokoa betri, na kengele hufa nazo kimyakimya. Nendeni kwenye Mipangilio, mchague programu hiyo, muondoe kizuizi cha betri na kuruhusu arifa. Halafu jaribuni: wekeni kengele ya dakika kumi mbele, mfunge skrini, msiiguse. Isipolia, tumieni kengele ya kawaida ya simu, ile ya kuamkia. Haina mbwembwe, lakini huaminika zaidi.

Tatu, kile kitufe cha “nimemeza”. Watu hukibonyeza ili kelele ziishe, dawa ikiwa bado kabatini. Ndiyo maana siamini sana alama za kijani. Hesabuni vidonge. Aliyepewa 60, anayemeza viwili kwa siku, baada ya siku 20 abaki na 20. Vikiwa 26, kuna dozi sita zilizorukwa, hata simu iseme nini. Wekeni pia kengele ya kwenda kuchukua dawa wiki moja kabla hazijaisha, kwa sababu kukatisha ghafla dawa za kifafa kama fenobabitali au kabamazepini kunaweza kuleta kifafa kisichokoma. Na dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kumeza mbili pamoja. Ulizeni kliniki mapema utaratibu wa dawa yenu.

Sasa shajara, na hapa ndipo penye kazi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2007, ulilinganisha matukio yaliyorekodiwa kwa video wodini na yale ambayo wagonjwa wenyewe waliyaandika. Zaidi ya nusu hayakuandikwa. Yaliyotokea usingizini ndiyo yaliyopotea zaidi, na kuwakumbusha kila siku hakukusaidia. Si uvivu: kifafa hufuta kumbukumbu ya tukio lenyewe. Kwa hiyo shajara anayoandika mgonjwa peke yake ina mashimo, hata programu iwe nzuri vipi. Anayelala naye chumba kimoja naye aandike, na asubuhi waulizane: shuka limelowa? Ulimi umeng'atwa? Misuli inauma?

Aina za matukio ziwe mbili au tatu tu, kwa maneno ya nyumbani: “kuanguka”, “kuduwaa”, “mkono kurukaruka”. Orodha ya aina kumi na tano mtu huiacha ndani ya wiki.

Tukio likianza, usalama kwanza: mlazeni ubavu, msitie chochote kinywani, mtazame saa. Likifika dakika tano, ni safari ya hospitali. Mtu wa pili, kama yupo, arekodi mwili mzima, kisha asogee usoni. Macho yamefunguka au yamefumba? Kichwa kimegeukia wapi? Upande gani ulianza? Amwite jina kwa sauti. Likiisha, aendelee kurekodi huku akimwambia ainue mikono yote miwili na kutaja jina lake. Dakika hiyo ya mwisho watu wengi huikata, ilhali udhaifu wa upande mmoja au kupotea kwa maneno humwonyesha daktari sehemu ya ubongo iliyohusika.

Kliniki msimkabidhi daktari simu nzima. Mwonyesheni video moja na ukurasa mmoja: matukio ya kila mwezi kwa aina, dozi zilizorukwa, na dawa nyingine zote. Hili la mwisho msilipuuze: kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, dawa ya VVU, na ya baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Programu ifungwe kwa namba ya siri kama simu hutumiwa na wengi. Lakini jina la dawa, dozi na namba ya ndugu viwekwe kwenye taarifa za dharura, zisomeke hata skrini ikiwa imefungwa. Tuzitoe simu sasa, tuanze na kubadilisha saa.