Prosesa ikichemka, gemu hukwama: tuifungue tuisafishe

Karibuni watazamaji. Leo tuna kompyuta inayocheza vizuri dakika kumi za mwanzo, kisha fremu, yaani picha zinazochorwa kwenye skrini, zinaporomoka kutoka 90 hadi 35 kwa sekunde na feni inavuma kama jenereta. Ukipumzika kidogo, inatulia. Dalili hiyo mara nyingi ni joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta.

Usifungue kitu bado, pima kwanza. Washa HWiNFO, programu inayoonyesha joto na kasi ya prosesa, cheza dakika 20, kisha tazama namba za juu zilizofikiwa. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zikigonga digrii 100. Ryzen za AMD za mfululizo wa 7000, nyingi ni digrii 95. Hapo haijaharibika, inajikinga isiungue. Ukiona joto limefika huko na kasi imeshuka, tuseme kutoka gigahatsi 4.5 hadi 2.8, mchawi umeshamjua. Ikiwa prosesa iko 70 na gemu bado inakwama, tatizo si hili. Kaangalie kadi ya michoro au memori iliyojaa.

Sasa, umeiweka wapi? Nyumba za Mkomani, kule Lamu, zina vidaka, vile vishubaka vya ukutani, na kidaka ukikiona utadhani kilichongwa kwa ajili ya kompyuta. Sivyo hata kidogo. Hewa ya moto inatoka nyuma, inagonga ukuta, inarudi mbele na kuvutwa tena. Acha nafasi ya shubiri moja nyuma na juu. Dirishani upande wa bahari napo si pazuri: upepo wake umebeba chumvi, chumvi hunyonya unyevu, na vumbi la chokaa likichanganyika humo hugandamana kwenye mapezi ya kipoozi, kile chuma chenye feni kinachokaa juu ya prosesa. Tena wakati wa kaskazi chumba kikifika digrii 32, usijilinganishe na mtu wa Ulaya mwenye chumba cha 20. Zile 12 zinazozidi huongezeka juu ya joto la prosesa.

Haya, tufungue. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kesi. Toa ubavu, chukua brashi mpya ya rangi ya inchi moja, kavu, usugue mapezi kuelekea nje. Ukipuliza, zuia feni kwa kidole, maana ikizungushwa ovyo beringi huumia. Kwa fundi wa pancha usiende: kompresa yake hutema maji na mafuta pamoja na hewa.

Kipoozi king'olewe kompyuta ikiwa bado vuguvugu, kwa sababu pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipoozi, ikipoa inashika kama gundi. Kwa Ryzen za soketi ya AM4, ambazo pini ziko chini ya prosesa yenyewe, kizungushe taratibu kushoto na kulia kwanza. Ukikivuta wima kwa nguvu, prosesa inatoka nacho, na pini zikipinda umejitafutia kazi nyingine.

Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya vidonda wakati mwingine huwa na mafuta: dondosha tone kwenye kioo, likikauka likaacha utando, iache. Pesti mpya iwe punje moja ya mbaazi, katikati. Usizidishe, kazi yake ni kuziba nafasi ndogo kati ya chuma na chuma, basi. Kaza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo. Kipoozi kipya kikague chini, kuna karatasi ya nailoni ambayo watu husahau kuibandua. Vile vya Intel vinavyoshikwa kwa pini nne za plastiki, chungulia nyuma ya mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa, uone zote zimetokeza. Moja ikilegea, joto hupaa tena ndani ya dakika chache.

Washa, pima upya. Bado? Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kikomo cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Mara nyingi ile kasi ya ziada ya prosesa (turbo) huzimika na joto hushuka. Skrini ikiwa ya hatsi 60, funga fremu kwenye 60. Wengi hukimbilia kushusha ubora wa picha, lakini hapo fremu huongezeka, na zikiongezeka prosesa ndiyo inayozidi kusulubika.

Joto likitulia chini ya digrii 85, rudisha ubavu. Usiuache wazi eti ipate hewa: mjusi kafiri hupenda joto la mazabodi, na akilala juu ya pini mbili, kompyuta haiwaki tena.