Baridi ya Mlima Si Majira ya Baridi: Miti ya Kokwa katika Bustani za Elgon

Hamjambo wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliobanana karibu na mlango. Sogeeni mbele, maana kuna tawi hapa mezani ambalo baadaye kila mtu atalishika.

Wengi wenu mna nyumba za wageni pande za Sipi, wengine mna vitalu vya miche hapa Kapchorwa na Kween, kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, na wengine mnataka tu mti mzuri mbele ya nyumba, wenye kivuli, maua, na kitu cha kutafuna. Swali linalorudi kila mara ni hili: huku kwetu ni baridi, kwa nini tusipande jozi, lozi au hazeli kama watu wa Ulaya?

Tuanze na hesabu. Mbale iko kwenye mita 1,150 hivi kutoka usawa wa bahari, Kapchorwa mjini ni 1,800 na ushei. Kila ukipanda mita 100, joto linashuka kwa karibu nyuzi 0.6 za Selsiasi. Kwa hiyo kutoka Mbale mpaka hapa mnapoteza nyuzi 4. Ndiyo maana sweta haziishi sokoni. Lakini miti ya Ulaya haiulizi kama wewe umevaa sweta. Inahesabu saa za baridi chini ya nyuzi 7, wiki baada ya wiki, ikiwa imelala bila majani. Mlozi unataka saa 300 hadi 500 hivi. Jozi na hazeli mara nyingi huzidi 700. Usiku wetu wa kawaida hauifikii 7, na mchana jua linarudi lile lile, saa 12 za mwanga mwaka mzima. Baridi yetu ni ya kila usiku, yao ni ya msimu.

Ukiupanda hapa, mti wa namna hiyo haufi mara moja, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Unakaa miaka kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha: macho mawili yanachipua nchani, sehemu ya kati inabaki fito tupu, ua moja linafunguka Machi na jingine Agosti. Matunda hakuna. Wenzetu wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, wanapata tofaa kwa sababu walichukua aina zilizotoka nchi za joto, Anna ya Israeli na Dorsett Golden ya Bahamas, na bado baada ya mavuno wanayapukutisha majani kwa mkono ili mti udhani majira yamebadilika. Kazi hiyo inawezekana kwenye mtofaa wa kimo cha mtu. Jozi wa mita 15 utaupandia ngazi gani?

Mkorosho nao uacheni huko chini kwenye joto. Na fundi mbao akikuambia ana "walnut ya Uganda", anasema kweli juu ya mbao, lakini mti ule, Lovoa, ni wa ukoo wa mahogani na hauna uhusiano wowote na jozi. Mpafu, ule wa mapafu yanayolainishwa kwa maji ya moto na kuuzwa barabarani Kampala, una kokwa ngumu yenye kiini ndani, ila ni mti wa msitu wenye kufika mita 40. Mbele ya nyumba utakula ua wote na paa juu yake.

Unaobaki, na sioni aibu kusema ndio wenyewe, ni makadamia. Asili yake ni misitu ya mvua ya mashariki mwa Australia, Queensland na New South Wales. Hauhitaji kulala. Unachotaka ili utoe maua ni usiku wa ubaridi kiasi, nyuzi 12 hadi 18 hivi, na huo tunao bila kununua. Joto likizidi nyuzi 30 ukuaji unazorota. Ni mti usiopukutika wote kwa pamoja, majani yake ni mazito na yanang'aa, na ni ndugu wa grevilea mnayoijua nyote mipakani mwa mashamba.

Sasa litazameni tawi hili. Kwenye kila kifundo kuna majani matatu, na ukingo wa jani karibu hauna miiba. Hii ni spishi ya makadamia iitwayo integrifolia, maua yake ni meupe. Lile la pili, mnaona? Majani manne kwenye kifundo, ukingo umejaa meno yanayochoma. Hiyo ni spishi nyingine, tetrafila, maua yake ni ya waridi. Inafaa kwa ua wa kuzuia mbuzi, lakini haifai mahali watoto wanapochezea pekupeku, kwa sababu majani makavu yaliyoanguka yanachoma vilevile.

Kwa bustani ya kupendeza, chaguo langu la kwanza ni Beaumont, mchanganyiko wa hizo mbili. Majani machanga hutoka na rangi ya waridi iliyoiva, mashada ya maua yananing'inia marefu ya waridi, na unavumilia ubaridi kuliko wengi. Kasoro yake: kokwa nyingi hazianguki zenyewe, lazima uzichume. Shambani hiyo ni gharama, nyumbani si neno. Karibu yake panda mwingine wa aina tofauti, kwa mfano KRG-15 au MRG-20 zilizoteuliwa Kenya, au 741 ya Hawaii, inayoitwa Mauka, yaani "upande wa mlimani". Maua ya aina mbili yakichavushana, kokwa huongezeka. Mzinga mmoja au miwili ya nyuki jirani inasaidia sana.

Kabla hujalipa, tazama shina la mche. Mche uliobebeshwa una kovu, sentimita 20 hadi 30 kutoka udongoni, mahali kikonyo, yaani kijitawi cha aina bora, kilipoungana na shina mama, yaani mche wa chini wenye mizizi, na ngozi ya juu na ya chini hazifanani sawasawa. Hakuna kovu? Huo ni mche wa mbegu, hata muuzaji aape. Wa kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hadi wa tano, na huku juu kwenye ubaridi kadiria wa tano au zaidi. Wa mbegu ni miaka 7 hadi 10, na hujui utazaa nini.

Wenye vitalu, mnaolalamika kwamba vikonyo vinakauka: vikonyo vyenu vina njaa. Wiki sita hadi nane kabla ya kukata, zungusha kisu kwenye tawi utakalolichukua, ondoa pete ya ganda yenye upana wa sentimita moja. Chakula kinachotengenezwa na majani hakitaweza kushuka mizizini, kitajilimbikiza mle mle kwenye tawi. Kikonyo cha namna hiyo kina akiba ya kuishi mpaka kishikane na shina mama. Shina mama liwe na unene wa penseli. Usifanye kazi hiyo siku ya mvua.

Kupanda. Chagua mteremko, usichague shimo la bonde, kwa kuwa hewa ya baridi usiku hutiririka kama maji na kutuama huko chini. Mti mkubwa huvumilia hata ubaridi wa kugandisha maji kwa muda mfupi, mche mchanga hauvumilii. Kaa mita 7 au zaidi kutoka ukuta wa nyumba, na mita 8 hadi 10 kati ya mti na mti. Mizizi yake mingi iko juu juu, kwa hiyo upepo mkali unaweza kuung'oa. Palipo wazi, tanguliza mstari wa grevilea upande upepo unakotokea. Na tusidanganyane: makadamia peke yake hautashikilia mlima unaotaka kuporomoka.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uweke kulia, wa chini kushoto. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, uurudishe wa kwanza. Panda mvua zinapotulia vizuri, Aprili au Mei. Kovu la kubebeshea libaki juu ya ardhi, na shingo ya mche iwe kwenye kina kile kile ilichokuwa ndani ya kiriba.

Na hapa nawaomba wakulima wa kahawa mnisikilize vizuri. Mmezoea kutia DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, ndani ya shimo. Kwa makadamia msifanye hivyo. Ukoo wake ulizoea udongo maskini wa fosforasi, ukaota mafungu ya vijizizi vyembamba kama brashi ya viatu, kazi yake ni kukwangua fosforasi kidogo iliyopo. Ukiumwagia nyingi kwa mkupuo, unashindwa kupata chuma: majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mkulima akiona manjano anaongeza mbolea, na mti unazidi kuumwa. Udongo wetu mwekundu huikamata fosforasi, kwa hiyo unasamehe kidogo, ila kwenye kiriba na chungu hakuna msamaha. Samadi ya kuku nayo ina fosforasi nyingi. Baada ya mwaka wa kwanza tia gramu 50 za CAN, mbolea ya nitrojeni, mwanzo wa kila mvua, mbali na shina, na matandazo ya majani makavu au maganda yake yenyewe. Matandazo yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja kizima. Ukilirundikia udongo au nyasi mbichi, ganda la shina linakuwa jeusi, linatoa utomvu, na kuvu wa mizizi anaingia. Ukiwahi, kwangua sehemu iliyooza mpaka ufikie ganda zima, kisha paka dawa ya shaba.

Sasa kupogoa, na hili ndilo linaloharibiwa kuliko yote. Shikeni tawi, mpitishiane. Kwenye kila kikwapa cha jani kuna macho matatu yamepangana, moja juu ya jingine. Ukikata ncha ya mche wa kimo cha mita moja, macho ya juu ya vikwapa vyote vitatu yanaamka pamoja, na unapata machipukizi matatu yanayopanda wima, yamebanana kama vidole vilivyofumbwa. Yanapendeza macho, na wengi huyaacha. Miaka sita baadaye yamekuwa mapaja matatu mazito yaliyogusana ganda kwa ganda bila kuungana, mvua ya mawe na upepo vinakuja, na mti unapasuka katikati mpaka chini.

Dawa yake ni rahisi. Chagua chipukizi moja lililonyooka, liwe shina. Mawili mengine yakate, ukiacha kisiki cha sentimita moja. Jicho la pili, lililo chini ya lile la kwanza, litachipua, na tawi lake hutoka kwa kulala, karibu pembe ya mraba na shina. Hilo ndilo tawi lenye nguvu. Rudia kila baada ya nusu mita mpaka mti ufikie mita 3, kisha uuache. Kukatakata mti mkubwa kila mwaka ili uwe duara kama chungu ni kuondoa maua ya msimu ujao.

Shada moja lina maua 100 hadi 300, na yanayofikia kuwa kokwa hayazidi machache katika kila mia. Usishtuke zikianguka nyingi zikiwa kama pilipili manga. Kutoka ua mpaka kokwa kukomaa ni miezi sita hadi minane. Kwa Beaumont usisubiri zianguke: chuma moja, pasua ganda la kijani, tazama ndani. Pakiwa peupe, subiri. Pakiwa kahawia, zimekomaa. Zilizoanguka okota kila baada ya siku mbili tatu wakati wa mvua, na ganda la kijani liondoe ndani ya saa 24. Ukizirundika na ganda lake kwenye gunia zinapata joto, na mafuta ya kiini, yanayozidi asilimia 70, yanachacha.

Zikaushe kivulini juu ya waya, tabaka moja au mawili, wiki mbili hadi tatu. Juani hapana. Ukitikisa ukasikia kiini kinacheza ndani ya gamba, kiko tayari. Nyundo ya kawaida inakisaga: weka kokwa kwenye tundu dogo la ubao, au ibane kwenye bano la fundi na uiminye polepole.

Panya wanapenda sana kokwa hizi. Kata matawi yote yanayogusa paa, kisha zungushia shina bati laini la upana wa nusu mita, kwenye kimo cha mita moja, na ulilegeze kila mwaka shina linavyonenepa.

Wenye mbwa wa ulinzi, sikieni. Mbwa akila makadamia, miguu ya nyuma inalegea, anatapika na kutetemeka. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili, lakini mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na msiache kokwa chini usiku.

Kuna swali limeandikwa kwenye karatasi: "Sisi tuko juu, Benet, zaidi ya mita 2,000. Je, tupande?" Kenya wanaupanda zaidi kati ya mita 1,200 na 1,850. Huko kwenu mti utakua polepole, utachanua, utatoa kivuli, na kokwa zitakuwa chache. Kama unataka urembo, panda Beaumont upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi. Kama unataka kuuza magunia, ardhi hiyo ipe viazi.