Obsidiani ya kaburini ilitoka mlima gani? Tufuatilie hatua kwa hatua

Karibuni, watazamaji. Leo tunalifuata jiwe kutoka kaburini hadi mlimani. Mfano wetu ni Pango la Mto Njoro, karibu na Nakuru, ambalo wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walilichimba mwaka 1938. Miaka 3,000 hivi iliyopita, miili ya watu karibu 80 ilichomwa na kuzikwa humo pamoja na mabakuli na michi ya mawe, shanga, na zana za obsidiani, yaani kioo cha volkano.

Kwanza, tenganisha mawe. Bakuli husomwa madini yake kwa darubini: kipande hukatwa na kusagwa hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upenye. Hapo unaharibu, kwa hiyo omba ruhusa ya makumbusho, na ukate kigae kilichokwisha vunjika tu. Obsidiani usiikate. Inapimwa nzima.

Pili, inua obsidiani kwenye mwanga. Ile ya Mlima Eburru, jirani na Naivasha, mara nyingi huwa na ukijani. Iandike rangi hiyo, ila usiitegemee. Mawe ya milima miwili huweza kufanana kabisa kwa macho.

Tatu, osha kwa maji na brashi laini. Chagua upande bapa usio na nyufa za moto, kisha weka kwenye mashine ya eksirei. Soma kiasi cha elementi tatu: rubidi, stronti na zirikoni. Kipande chembamba sana hutoa namba za uongo, kwa sababu miale hupita hadi upande wa pili. Kila siku anza kwa kupima kioo cha rejea ambacho viwango vyake vinajulikana.

Nne, panda mlima. Nasisitiza hapa, maana wengi huiruka hatua hii. Mashine haiijui Eburru, inatoa namba tu. Chukua sampuli kadhaa kila mahali obsidiani inapochomoza, na uandike mahali penyewe kwa GPS.

Sasa chora grafu, zirikoni upande mmoja, rubidi upande wa pili. Sampuli za mlima mmoja zitakusanyika pamoja. Kipande cha kaburini kikiangukia nje ya makundi yote, andika "chanzo hakijulikani". Usikilazimishe.

Vipimo vya namna hii ndivyo vilivyoonyesha kwamba wafugaji wa utamaduni wa Elmenteitan, ambao kaburi la Njoro ni lao, waliipenda obsidiani ya Eburru, nayo ilisafirishwa hadi maeneo ya Ziwa Victoria, kilomita 200 hivi kutoka mlimani.