Sombe, Pilipili na Kufuli ya Joan Daemen

Asanteni kwa kuja, najua wengine mumetoka mbali, Ruashi, Katuba, na mvua hii. Naona moto wa umeme uko leo basi nitaongea mbiombio mbele ya delestaji kuukata.

Leo naongea juu ya mutu moja anaitwa Joan Daemen. Joan kwao ni jina la mwanaume, Mbelgiji, alizaliwa 1965. Sisi hapa Lubumbashi Wabelgiji tunawajua kwa historia ingine kabisa, ile sitaisahau, lakini kazi ya huyu mutu naiheshimu toka moyoni na ninataka muielewe, si kuisikia tu.

Muko na WhatsApp? Wi-Fi ya nyumbani yenye WPA2? Basi mnatumia AES kila siku, ile njia ya kuficha ujumbe ili asiye na ufunguo asiusome, na AES ndiyo ile Rijndael ambayo Daemen aliitengeneza na mwenzake Vincent Rijmen, hata jina waliliunga kutoka kwa majina yao mawili.

Mbele yake kulikuwa DES, njia ingine ya kuficha, ya tangu 1977. Ufunguo wake ulikuwa biti 56 tu, yaani sufuri na moja 56, na 1998 watu walitengeneza mashine moja isiyofika dola 250,000 ikajaribu funguo moja moja mpaka ikapata ule wenyewe, masaa 56 tu, basi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikuwa imeshaita dunia nzima tangu 1997: leteni algoritimu mupya, yaani njia mupya ya kuficha. Zilikubaliwa 15, zikabaki 5, na kila mutu aliruhusiwa kuzipiga hadharani, wale walioshindana walikuwa wanatafuta makosa ya wenzao mbele ya watu wote. Tarehe 2 Oktoba 2000 wakatangaza Rijndael, na 2001 ikawa standari. Kuitumia ni bure, hakuna anayelipa hata franka.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Ujumbe unakatwa vipande vya baiti 16, baiti moja ni biti 8, unazipanga kwa meza ya 4 kwa 4. Mbele ya raundi ya kwanza unachanganya ujumbe na ufunguo mara moja. Kisha kila raundi unafanya mambo manne, ya mwisho tu haikorogi: kila baiti unaibadilisha kwa kufuata jedwali la namba 256, halafu mistari unaisogeza, halafu kila safu ya juu kwenda chini unaikoroga, halafu unachanganya na ufunguo. Raundi 10 kama ufunguo ni biti 128, 14 kama ni 256. Ni hayo tu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuyaandika.

Nguvu inatoka wapi? Ukitupa pilipili moja kwenye chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, mwanzo inakaa pembeni, lakini mama akikoroga mara mbili hakuna kijiko kisichowasha. Rijndael ni vile: badilisha baiti moja, kisha raundi 2 zote 16 zimeguswa. Na Daemen hakusema tu "inachanganya vizuri". Alihesabu. Njia hii alishaiandika kwenye doktora yake ya 1995 kule Leuven. Mwizi anayebadilisha ujumbe kidogo na kufuata alama ya badiliko lile, kwa raundi 4 lazima apite kwenye jedwali angalau mara 25, na kila mara bahati yake ya kujua badiliko litatokaje haizidi 1 kwa 64, sasa zidisha 1/64 kwa 1/64 mara 25, unashuka chini ya bahati ya kubahatisha kipande chenyewe. Na hiyo ni raundi 4, kuko 10! Mimi nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya karibu saa nzima.

Baadaye Daemen na wenzake watatu wakatengeneza Keccak, algoritimu ya kutoa alama fupi ya ujumbe, ikashinda shindano ingine la NIST 2012 ikawa standari ya SHA-3. Hiyo ni siku ingine.

Kuna jambo linaniuma. Biro moja, ofisi nilikofanya kazi, waliuziwa programu ya kuficha majina na pesa za wateja, muuzaji akasema njia yetu ni siri, hakuna anayeijua. Nikauliza, nani amejaribu kuivunja? Kimya. Miezi mitatu haikuisha stajieri wetu, kijana wa kujifunza kazi, akaifungua kwa bik ya kuandikia na karatasi, ilikuwa inabadilisha herufi tu. Watu walikuwa wameweka mali yao humo. Wadogo zangu, kufuli ionyeshwe kwa wote, siri ibaki kwenye ufunguo. Mukiambiwa kinyume, musinunue, na wala musitengeneze.

Sasa chukueni karatasi, nimewachorea meza za viboksi 16. Mfano ni ule wa kwenye standari yenyewe. Baiti ya kwanza ya ujumbe ni 32, ya ufunguo ni 2b, kwa hesabu ya msingi 16. Fanyeni XOR, yaani linganisheni biti kwa biti, zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1, mpate 19, tafuteni 19 kwenye jedwali. Mwenye amepata d4 anyooshe mkono, halafu tunasogeza mistari.