Maporomoko Katikati ya Mtaa: Twende Tukatembee Ithaca, New York

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo nawatembeza Ithaca, mji ninaoishi, ndani ya jimbo la New York. Najua wengi mkisikia New York mnawaza maghorofa na taa. Kutoka kwenye hayo maghorofa mpaka huku ni mwendo wa basi wa saa tano hivi, na ukishuka unakuta vilima, ziwa na wanafunzi. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 32,108 tu. Chuo Kikuu cha Cornell, kilichoanzishwa mwaka 1865, kiko juu kilimani, na mji umelala chini yake.

Video hii naifanya kwa ajili ya dada yangu mmoja wa Morogoro. Mwanawe amepata nafasi ya kusoma huku, akaniuliza kwa wasiwasi wa mzazi: "Sasa mdogo wangu, mji wenyewe mdogo hivyo, wikiendi mtoto atakwenda wapi?" Dada, kaa hapo uangalie.

Hapa nilipo ni korongo la Cascadilla. Maduka ya mjini yako hapo nyuma tu, mnasikia magari. Ukishika njia hii ya mawe unapanda na mto, poromoko moja baada ya jingine, mpaka unatokea chuoni. Wapo wanafunzi wanaopita hapa asubuhi wakienda darasani! Ngoja nisogeze kamera ukutani. Mnaona matabaka haya? Membamba, yamepangana, unaweza kupitisha ukucha katikati. Hili lilikuwa tope la chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Baadaye sana ikaja barafu nene, ikachimba bonde la Ziwa Cayuga likawa refu na lenye kina. Vijito vya pembeni vikabaki vinaning'inia juu, havina pa kupita ila kudondoka. Ndiyo maana maporomoko yamejaa kila upande hapa.

Kubwa kuliko yote ni Taughannock, nje kidogo ya mji, kando ya ziwa. Maji yanashuka mita 66 bila kugusa kitu, kiasi cha mita 10 kuwashinda Niagara wanaosifiwa dunia nzima. Sisi Watanzania wenye maporomoko ya Kalambo, yenye zaidi ya mita 200, hatutishiki na urefu huo. Kilichonigusa ni njia yenyewe. Ni tambarare, kilomita 1.2 hivi, ndani ya korongo lenye kuta ndefu kuliko poromoko lenyewe. Bibi anaifika, mtoto anaifika, hata majira ya baridi huwa wanaiacha wazi. Ukikaribia mwisho unaanza kulowa uso kabla hujaona maji.

Na hapa nataka wazazi mnisikilize vizuri. Maeneo mengi ya hapa yalikuwa mikononi mwa watu binafsi. Robert Treman, tajiri wa benki wa hapa hapa, pamoja na mkewe Laura, walilitoa korongo la Enfield mwaka 1920 liwe mali ya jimbo, na leo hifadhi inaitwa kwa jina lake. Kwenye hifadhi hizi za jimbo wanatoza gari, hawatozi kichwa. Mwanafunzi akija kwa miguu au baiskeli anaingia bure. Cascadilla ni bure, maporomoko ya Ithaca yaliyoko mtaani kabisa ni bure, bustani za mimea za chuo ni bure, jumba la sanaa la Johnson ni bure, na kwenye ghorofa zake za juu unaliona ziwa. Nalisema hili kwa sababu naona vijana wetu wanajifungia chumbani na simu, wakidhani matembezi ni ya wenye hela. Jamani, tokeni nje!

Lakini kuogelea, wadogo zangu, hapo sina utani. Majira ya joto kuna sehemu maalumu chini ya poromoko pale Robert Treman, na waokoaji wanakaa wakiangalia. Ogeleeni wakiwepo wao tu. Ndani ya makorongo ya chuoni ni marufuku, na watu wamekufa humo. Maji juu yanaonekana yametulia, chini mkondo unavuta, na mwamba una utelezi. Ukikuta njia imefungwa kwa mnyororo kipindi cha baridi, usiruke. Barafu inaganda kwenye ngazi na mawe yanadondoka.

Siku ambayo miguu imechoka, nendeni mjini mkatembee sayari. Carl Sagan, mwanaastronomia aliyefundisha Cornell, alifariki mwaka 1996, na mwaka uliofuata akajengewa hapa mjini kumbukumbu ya jua na sayari zake, kila umbali umegawanywa kwa bilioni 5. Jua liko katikati ya mji. Dunia yetu iko mita 30 hivi tu kutoka hapo, ina milimita mbili na nusu, yaani kama punje ya mtama. Kufika Pluto unatembea zaidi ya kilomita moja. Mtoto wangu alisimama mbele ya hiyo punje akauliza, "Na bibi yumo humu?" Nikamwambia yumo, na Morogoro yote imo.

Kuna pia msitu wa Sapsucker Woods, kwenye maabara ya ndege ya Cornell, waliotengeneza programu ya Merlin inayotambua ndege kwa sauti. Maabara hiyo hiyo inasikiliza tembo wa misitu ya Kongo kwa vinasa sauti. Na nifurahie kidogo: Cornell wanafundisha Kiswahili, na chuo hiki kimekuwa mshirika wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili tangu ilipoanzishwa, kwanza ikiitwa Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell. Kwa hiyo dada, mwanao hatakosa wa kumsalimia shikamoo.

Mkija mahafali, mwishoni mwa Mei, wekeni chumba mapema sana, maana mji mdogo unajaa mpaka pomoni. Jumamosi asubuhi piteni soko la wakulima kando ya maji, wauzaji wanaleta vitu vyao wenyewe kutoka mashamba ya karibu. Leteni viatu vyenye soli ya kushika na koti la mvua, na sweta pia, jioni kandokando ya ziwa kuna baridi. Ukishapata tarehe ya safari niandikie, nitakuja kuwapokea stendi.