Mhamiaji Naye Huzeeka

Assalamu alaykum, wazee wangu. Hamjambo wanangu. Nimeulizwa kama wahamiaji wanaweza kuziokoa nchi zilizopungukiwa na watoto. Wanaweza, kwa kiasi, na hicho kiasi ndicho ninachokipigia kelele kila nikipewa nafasi.

Sisi wa Malindi tunaliona kwa macho. Yuko binti wa Ganda, mwaka wa nne huu anamtunza mzee wa Kiitaliano pale Casuarina. Asubuhi humpima presha, humpangia vidonge katika kikebe chenye vyumba saba, humkata kucha, humsomea barua za mwanawe kwa Kiitaliano alichojifunzia jikoni. Mwana ni huyo mmoja tu, naye hana mtoto. Mtazameni mzee huyo, mmeiona Italia: mwaka 2023 walizaliwa watoto wasiofika 380,000 katika nchi ya watu karibu milioni 59. Mwanamke huzaa kwa wastani watoto 1.2, na ili watu wasipungue yatakiwa 2.1. Kule Italia kazi kama ya binti huyu hufanywa sana na wanawake kutoka Romania, Ukraine na Moldova.

Faida ya wahamiaji iko wazi. Anayefika na miaka 25 amelelewa na kusomeshwa kwa jasho la mamake, na mshahara wake wa kwanza tayari unakatwa kodi na mchango wa pensheni. Lakini baada ya miaka 40 naye ni mzee! Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipiga hesabu: Korea Kusini ikitaka wafanyakazi kwa kila mzee wasipungue hadi 2050, ingehitaji wahamiaji bilioni 5.1. Dunia nzima wakati huo ilikuwa na watu kama bilioni 6. Kwa hiyo uzee wa nchi hauzuiliki hivi. Hupunguzwa kasi, tena kwa mgeni anayeruhusiwa kukaa, kuleta mume na watoto. Ukimrudisha kwao mkataba wa miaka miwili ukiisha, ulimi umeshazoea, mikono imeshajua kazi, umepata nini?

Msiniambie roboti. Japani wanazo, na mwaka 2019 bado walifungua viza mpya, walezi wa wazee wakiwemo.

Najua mzee mmoja hapa ataniuliza: vijana wakienda, sisi tutatunzwa na nani? Swali la haki. Nyanya wa binti yule, huko Ganda, huangaliwa na mjukuu wa miaka kumi na miwili akitoka shule. Na sisi Wakenya pia uzazi unashuka: watoto 6.7 kwa mwanamke mwaka 1989, 3.4 mwaka 2022. Siku zetu zinakuja.

Wauguzi nilitaka niwaseme kwa kirefu, lakini sala ya Magharibi inaingia. Kenya na Ujerumani walitia sahihi makubaliano ya kazi Septemba 2024, na mikaratasi itawafikia. Wanangu, kabla ya kutia sahihi yenu, tafuteni kifungu cha pensheni. Ulizeni: nikirudi nyumbani, mchango wangu narudi nao? Mkiambiwa mtajibiwa baadaye, kalamu iwekeni chini.